Gunia Tunalifunga, Mtoto Tunampakata

Siku moja nilisimama Mlandizi kununua maji, nikamkuta utingo akifunga mkaa juu ya fuso. Alikuwa kijana mwembamba, fulana imeloa jasho mgongoni. Alirusha kamba upande wa pili, mwenzake akaidaka, akaipitisha kwenye ndoano chini ya bodi na kuirudisha. Kijana akapanda juu, akaweka goti kwenye gunia, akalikandamiza kwa uzito wake wote huku mikono ikivuta kamba, mpaka gunia likadidimia na kamba ikalia. Alipokwisha kupiga fundo hakushuka. Alilishika gunia akalitikisa. Halikusogea. Ndipo aliposhuka.

Nyuma ya fuso hilo ilisimama Noah yenye familia. Kiti cha mbele ameketi mama, na mapajani mwake mtoto wa kama miezi minane, amesimama kwa miguu yake midogo, viganja vyake viko juu ya dashibodi. Mama amefunga mkanda, kwa sababu trafiki wako mbele. Mtoto yuko nje ya mkanda ule, kati ya kifua cha mama na mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya dashibodi. Gari likawashwa, likaingia barabara ya Morogoro kuelekea Dar es Salaam. Mkaa ulikuwa umefungwa, mtoto hakufungwa.

Simlaumu mama yule peke yake. Alifanya tulichofanyiwa sisi sote na tunachowafanyia wanetu. Ukimuuliza, atakujibu bila kusita kwamba mtoto hana mahali salama kuliko mikononi mwa mama yake. Hiyo ndiyo imani inayotawala barabarani kwetu. Wazee wanaisema, wauguzi wanaiacha ipite wanapomruhusu mzazi kutoka wodini na kichanga, na sisi waandishi tumeinyamazia. Wenye kuitetea hukimbilia methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nami naikubali methali hiyo kwa moyo wote. Ila uchungu ni kitu kimoja na nguvu za mikono ni kitu kingine, na gari likigonga haliulizi nani ana uchungu.

Tuanze na hesabu, maana ubishi huu hauishi mpaka namba zitajwe. Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule tunaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi, mwendo ambao hakuna mpiga tochi atakayekusimamisha. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga ukuta au likikutana na lori, mwili ulio ndani unapokea kishindo sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita kumi hivi, yaani ghorofa ya tatu. Sasa jiulize: mtoto akidondoka kutoka ghorofa ya tatu, nani kati yetu atasimama chini na kusema mniache, nitamdaka?

Endelea na hesabu. Mtu aliyefungwa mkanda husimamishwa ndani ya umbali mfupi, tuseme nusu mita, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika kipande hicho cha muda, kila kitu garini kinavuta kwenda mbele kwa nguvu ya takriban mara ishirini ya uzito wake. Mtoto wa kilo 9, yule unayemnyanyua kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga uji, anavuta kama mzigo wa kilo 180. Ni karibu magunia mawili ya mahindi. Mpagazi wa Kariakoo anayelibeba moja mgongoni hujipanga kwanza, huinama, na husaidiwa kutwikwa. Mama aliyepakata hapewi nafasi ya kujipanga. Kabla ubongo wake haujaiambia mikono ikaze, mtoto ameshatoka.

Na huyo ni mama aliyefunga mkanda. Asipofunga, naye anarushwa mbele kwa uzito wake wote, na mtoto ndiye anayekuwa mto kati ya kifua cha mama na kiti cha mbele. Wako wanaojiona wajanja zaidi, wanaoupitisha mkanda mmoja juu yao na mtoto kwa pamoja. Hilo ni baya kuliko yote, kwa sababu mkanda unamshikilia mtoto palepale huku mwili wa mama ukimbana kutoka nyuma. Mikono ileile iliyomlea inageuka kuwa mzigo unaomponda. Inauma kuliandika, lakini ndivyo ilivyo.

Najua jibu linalokuja. Watasema hatuendi mbali, ni hapo Mbezi tu, na mjini kuna foleni. Kweli kuna foleni, mpaka saa tatu usiku barabara inapofunguka na kila mtu anakanyaga mafuta kulipiza saa alizopoteza. Na hesabu niliyoipiga hapo juu haikuwa ya basi la Mbeya. Ilikuwa ya kilomita 50, mwendo wa mtaani. Watasema pia kwamba sheria haidai. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya kitaifa ya viti vya watoto. Trafiki anachungulia mbele, akiona mikanda miwili imefungwa anakuruhusu. Lakini mzazi gani hapa hungoja sheria ndipo amlinde mwanawe? Hakuna kifungu kinachotulazimisha kumzuia mtoto asikaribie kisima, na bado tunakifunika.

Hoja ya kwamba haya ni mambo ya Wazungu inanisumbua zaidi, kwa sababu inasemwa kwa fahari, kana kwamba kumwacha mtoto huru ndani ya gari ni mila yetu. Gari lenyewe si mila yetu. Ile IST, ile Vitz, ile Noah, imetoka Japani, na huko tangu Aprili 2000 sheria inamtaka dereva amweke mtoto wa chini ya miaka sita kwenye kiti chake. Maana yake, gari ulilolinunua bandarini huenda lilishabeba kiti cha mtoto miaka kadhaa kabla halijapanda meli. Tulipolipokea tukaondoa maandishi ya Kijapani, tukabandika tinti, tukabadilisha rimu, tukafunga redio mpya, kisha tukavalisha viti vya nyuma kava zinazong'aa. Fungua mlango wa nyuma wa gari lako leo utafute vifungio vya mikanda. Katika magari mengi vimezama chini ya kava, vimejaa mabaki ya karanga na biskuti. Tumenunua gari lenye mkanda, tukauzika mkanda.

Na kuhusu mila, hakuna watu wanaojua kumfunga mtoto kama sisi. Mtazame mama wa Kiswahili anapombeleka mwanawe. Anainama mpaka mgongo unakuwa kama meza, anamlaza mtoto juu yake, anatandaza kanga, anavuta ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, anakaza, anapiga fundo kifuani. Kisha, kabla hajanyooka vizuri, anajitikisa mara moja au mbili, kusikiliza kama mtoto ameshika. Kama kanga imelegea anafungua na kuanza upya, na mama mwingine aliye karibu huja kumsaidia bila kuombwa. Hakuna anayesema mbeleko ni kumtesa mtoto. Hakuna anayesema nimeshikilia kwa mkono inatosha. Kiti cha gari ni mbeleko iliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo ambao mgongo wa binadamu haujawahi kuufikia. Tulichokikataa ni kile tunachokijua kuliko watu wengi.

Hapa lazima nieleze jambo langu mwenyewe, kwa sababu wapo wazazi wanaosoma na kutikisa kichwa wakisema mimi kiti ninacho, makala hii haihusiani nami. Nami nilikuwa nacho. Binti yetu wa kwanza alipofikisha miezi saba tulisafiri kwenda Morogoro. Nilikiweka kiti nyuma, nikapitisha mkanda wa gari, nikasukuma ulimi kwenye kifungio, nikasikia mlio, nikaridhika. Shangazi yangu aliketi pembeni yake. Tangu Kibaha alikuwa akinung'unika: "Mwanangu, mtoto unamfunga kama mbuzi wa kafara? Nipe nimpakate." Nikamjibu, "Shangazi, hapo ndipo salama yake." Kabla ya Chalinze bodaboda aliingia barabarani ghafla. Nikakanyaga breki na kukata usukani. Gari halikugusa kitu. Lakini kiti kilipinduka kwa ubavu, mwanangu akabaki ananing'inia kwenye mikanda yake midogo, uso umeelekea mlangoni, akilia kilio ambacho sijakisahau. Shangazi alimchomoa, akampakata, akaniambia kwa upole, "Unaona sasa?" Sikuwa na la kujibu. Nilimwacha mwanangu mikononi mwake mpaka Morogoro, yaani nilitoka kwenye hatari moja nikaingia kwenye nyingine iliyo kubwa zaidi.

Tulipofika, baba mkwe alitupokea uani. Huyu ni mzee aliyeendesha malori ya masafa marefu zaidi ya miaka ishirini. Nikampa shikamoo, akaitika, akasikiliza kisa, akaenda moja kwa moja garini. Hakuwahi kufunga kiti cha mtoto maishani mwake. Alikishika kwa mkono, akakisukuma, kikateleza kama sahani mezani. Akaniambia, "Mzigo haufungwi kwa kusikiliza mlio, mwanangu. Unafungwa kwa kuutikisa." Akaweka goti lake ndani ya kiti, akakandamiza, akauvuta mkanda kwa mikono miwili. Lilikuwa goti lilelile la utingo.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba adui mkubwa wa kiti cha mtoto ni kiti kilichofungwa vibaya. Kila kiti kinachopinduka kinawapa ushahidi wanaosema mikono inatosha. Na kosa hili halina tabaka. Nimelikuta kwenye gari la mhadhiri na kwenye gari la muuza vipuri. Wengi wanadhani kazi iliisha dukani walipolipa. Wengine, waliosoma kidogo zaidi, wanasema gari lao la zamani halina ndoano za ISOFIX, zile pete za chuma kwenye maungio ya kiti cha nyuma, na kwa hiyo wasijisumbue. Hilo nalo si kweli. Pete zile zilibuniwa kupunguza makosa ya ufungaji, wala hazikuufuta mkanda. Viti vingi vinavyouzwa vimeundwa na kupimwa vifungwe kwa mkanda wa gari wa sehemu tatu, mkanda uleule alioubuni mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Kama nyuma ya gari lako kuna mkanda unaopita kiunoni na begani, kiti kilichotengenezwa kwa mkanda huo kitashikika.

Ila lazima uuelewe. Mkanda wa gari una tabia inayowadanganya watu: haujikazi wenyewe wakati wote. Uvute polepole, unakuja. Uvute kwa ghafla, unakamata. Ndani ya kibweta unamojikunja mna kifaa kinachoukamata mkanda gari linapopunguza mwendo kwa nguvu, au mkanda wenyewe unaponyakuliwa. Kwa mtu mzima hilo ni jema, linamwacha apumue na kugeuka. Kwa kiti cha mtoto halitoshi, kwa sababu kwenye kila kona na kila tuta kiti kinauvuta mkanda kidogo kidogo, nao unakubali. Ukifika mwisho wa safari, umelegea. Na siku ya kishindo, kiti kinasafiri kwanza kwenda mbele mpaka ulegevu uishe ndipo kikamatwe. Umbali huo mdogo ndio kichwa cha mtoto kinaoutumia kukifikia kiti cha dereva.

Kwa hiyo jaribu mkanda wako. Uvute taratibu mpaka mwisho kabisa, mpaka usiwe na kitu cha kutoa, kisha uachie urudi. Katika baadhi ya magari utasikia mlio mfululizo, tik tik tik, na ukijaribu kuuvuta tena unakataa. Huo umejifunga, unarudi ndani tu. Mkanda wa namna hiyo ndio rafiki yako: ukishapita kwenye kiti na kuingia kwenye kifungio, uvute wote mpaka mwisho, uurudishe huku ukikandamiza kiti kwa goti, na kila unachokirudisha hakitoki tena. Kama gari lako halina hilo, usikate tamaa. Tazama kiti chenyewe, vingi vina kibanio pembeni mwa njia ya mkanda, ambacho ukikifunga kinauuma mkanda usiteleze.

Njia ya mkanda ndiyo iliyoniangusha mimi. Nilipitisha mkanda mahali ulipokubali kupita, sikuangalia mahali ulipotakiwa. Kwenye viti vilivyoidhinishwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa utaona alama za rangi: buluu kwa mtoto anayetazama nyuma, nyekundu kwa anayetazama mbele. Kwenye vile viti vya vichanga vyenye mpini, kwa kawaida mkanda wa kiunoni hupita juu ya miguu ya mtoto na ule wa begani huzunguka mgongo wa kiti. Ukiibadilisha mikanda hiyo, kiti kitaonekana kimefungwa na hakijafungwa. Mkanda usijisokote njiani. Ulimi na kifungio visikae juu ya ukingo wa kiti, maana chuma kikipinda hapo kinaweza kuvunjika. Na kabla ya yote, vua zile kava kama zimekificha kifungio au zinakifanya kiti kiteleze.

Halafu kitikise. Shika kiti pale mkanda unapopita, si juu kwenye kichwa, kwa mkono wako usio na nguvu. Sukuma kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kikisogea zaidi ya upana wa dole gumba, sentimita mbili na nusu, hujafunga. Watu huona hiki ni kipimo kidogo mno. Utingo wa Mlandizi asingekikubali hata hicho kwa mkaa wake.

Mtoto mdogo atazame nyuma, na hapa nagombana hata na wazazi wenye viti vizuri, wanaomgeuza mtoto mapema ili aone njia. Kichwa cha kichanga ni karibu robo ya urefu wake wote, cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, na shingo inayokishika bado ni laini. Gari likisimama ghafla, mtoto anayetazama mbele mwili wake unakamatwa na kichwa kinaendelea. Anayetazama nyuma anapokelewa mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja, kama unavyompokea kwa kiganja kipana. Jambo hili lilifikiriwa na Bertil Aldman, Msweden, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipoona jinsi wanaanga wa Gemini walivyolazwa ili migongo yao ipokee nguvu za roketi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika 2013, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri abaki hivyo kwa kadiri kiti chake kinavyoruhusu uzito na urefu. Miguu yake ikikunjika, ni sawa. Mguu hupona kirahisi kuliko shingo.

Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule hufumuka kwa kasi inayoua, na ungepiga moja kwa moja mgongo wa kiti pale kilipo kichwa cha mtoto. Nyuma ndiko kwake. Kichanga alale kwa mwinamo, kidevu kisianguke kifuani kikaziba pumzi, na safari ikiwa ndefu msimame mara kwa mara mumtoe anyooke. Mikanda midogo inayomshika mwilini ikazwe mpaka usiweze kuibana ikakunjika kati ya vidole viwili pale begani. Kwa akina mama wa Njombe na Makambako, kwenye baridi, lile koti nene lililojaa hewa livuliwe kwanza. Mfunge, kisha mfunike kanga juu.

Mtoto atalia, ndiyo. Alilia pia alipochomwa sindano ya chanjo, na wewe mwenyewe ulimshika paja lisitikisike ili muuguzi amalize. Hakuna aliyekuita mkatili. Ulijua kilio cha dakika mbili ni bei ndogo.

Wapo wanaomtaja Mungu, nao sitaki kuwajibu kwa haraka. Wanasema mlinzi ni Mola, ajali haina kinga. Nami ni mtu wa dua, sitoki nyumbani bila kuomba. Lakini walimu wetu wa madrasa walitusimulia tungali wadogo habari za yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru akisema anamtegemea Mungu, Mtume akamwambia amfunge kwanza, kisha amtegemee. Tulilisikia somo hilo, tukalikariri, tukakua. Ngamia alistahili kufungwa. Mtoto je?

Gharama ni hoja ya kweli kwa mwenye kipato kidogo, na sitaidharau. Kiti kipya ni ghali. Vya mtumba vipo, na kwa wengi ndivyo vitakavyowezekana, ila usinunue ambacho muuzaji hawezi kukueleza kilikotoka. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali kimemaliza kazi yake hata kama hakina ufa unaoonekana. Tafuta lebo ya idhini, tafuta tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi, vuta kila mkanda, bonyeza kila kifungio. Kama plastiki imefifia na kupasuka kwa jua, kiache. Na kama una gari lenye tinti na rimu za bei mbaya huku mtoto yuko mapajani, basi kwako hoja ya gharama haipo.

Hoja nyingine naipokea kwa unyenyekevu, ile inayosema watoto wengi wa nchi hii hawapandi magari binafsi kabisa. Wanatembea kwa miguu kwenda shule, wanapakiwa watatu kwenye bodaboda, wanabanwa kwenye daladala zisizo na mkanda hata mmoja. Ni kweli, na ni aibu yetu. Shirika la Amend lilianzia Dar es Salaam kutengeneza njia na vivuko kuzunguka shule za msingi, na mradi wake wa SARSAI ukapata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019 kwa sababu matuta, vivuko na njia za miguu vinaokoa watoto. Kazi hiyo iendelee na iongezwe. Lakini mwenye gari asijifiche nyuma ya mtoto anayetembea. Huyo wa barabarani anahitaji serikali, halmashauri na wahandisi. Wa kwako anahitaji dakika kumi za goti lako.

Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua ulimwenguni, mbele ya magonjwa yote. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani imekadiria kwamba kiti kinapunguza vifo vya vichanga kwenye magari madogo kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne kwa asilimia 54. Ingekuwa ni dawa, tungepanga foleni hospitalini tangu alfajiri. Na mkubwa wao, yule wa miaka sita au saba ambaye ameshakiacha kiti na mkanda wa gari unamkata shingoni, anahitaji kiti cha kumnyanyua ili mkanda upite begani na chini kwenye nyonga badala ya tumboni, mpaka afike urefu wa kama sentimita 135 hadi 150. Wengi tunamwambia aupitishe mkanda nyuma ya mgongo ili usimsumbue. Tukifanya hivyo tunamwachia mkanda wa tumboni peke yake, na tumbo halina mfupa wa kuuzuia.

Shangazi yangu angali hai, na Desemba iliyopita alipanda nasi tena. Mtoto wetu wa pili alikuwa nyuma, ametazama nyuma, amelala. Kabla hatujaondoka Shangazi alinyoosha mkono bila kusema kitu, akakishika kiti pale mkanda unapopita, akakitikisa. Hakikusogea. Akajifunga mkanda wake mwenyewe.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, fungua mlango wa nyuma. Vitoe vifungio chini ya kava. Kama kiti kipo, kitikise kwa mkono wako ulio dhaifu. Kikicheza, fungua kila kitu, weka goti, uanze upya. Na kama hakipo, basi safari ya kwanza ya gari hilo iwe ya kwenda kukitafuta, na mtoto abaki nyumbani.